Hodi ya Kinshasa na Masikio ya Mashariki: Muziki wa KOKOKO! Ukisikilizwa Butembo na Beni

Jina la kundi la KOKOKO! ni mlio wa mtu abishaye mlangoni. Mswahili wa pwani husema hodi na kungoja aitikiwe karibu. Mkongomani hutamka kwa kinywa chake mlio wa vidole vyake juu ya ubao: ko ko ko. Tamko hili si geni Butembo wala Beni, ambako watu wanaozungumza Kiswahili kutwa nzima hulitumia bila kufikiri kwamba wameazima kitu kutoka magharibi mwa nchi. Hodi, kwa namna yoyote itamkwayo, ni nusu tu ya mazungumzo. Nusu ya pili iko ndani ya nyumba. Ndiyo maana muziki uliojipa jina la hodi unastahili kuhakikiwa si kwa upande wa anayebisha peke yake, kama ilivyofanywa na wengi walioandika juu yake Ulaya na Marekani, bali pia kwa upande wa wale walio ndani na ambao hawakuulizwa.

Kundi hili lilianza Kinshasa mwaka 2016. Kwa upande mmoja walikuwapo wasanii wa jiji hilo: mwimbaji Makara Bianko, aliyekuwa akitumbuiza na wacheza ngoma wake mitaani, pamoja na mafundi waliojiundia ala kutokana na makopo, chupa za plastiki, vyuma chakavu na vipande vya mashine zilizokufa. Kwa upande wa pili alikuwapo Mfaransa Xavier Thomas, ajulikanaye kwa jina la Débruit, mtayarishaji wa muziki wa elektroniki. Albamu ya kwanza, Fongola, ilitoka mwaka 2019. Ya pili, BUTU, mwaka 2024. Katika albamu hiyo ya pili kundi lililozaliwa likiwa jumuiya limebaki na majina mawili mbele ya msikilizaji, Makara Bianko na Débruit: sauti na mashine, Kinshasa na Ulaya. Fongola ni neno la Kilingala lenye maana ya ufunguo, na butu ni usiku. Kwanza wakabisha, kisha wakaonyesha ufunguo, mwisho usiku ukaingia. Mpangilio huu wa majina huenda ni wa bahati tu, lakini ni bahati inayosomeka.

Yamkini itaulizwa ni kwa nini taarifa ya taaluma za Kiswahili ijishughulishe na kundi ambalo mwimbaji wake huimba hasa kwa Kilingala. Jibu lipo katika hali ya lugha huko mashariki. Katika miji ya Butembo na Beni, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 54 kati yake, Kinande ndiyo lugha ya nyumbani na ya mashambani. Kiswahili ni lugha ya soko, ya redio, ya mahubiri na ya abiria wa barabara iendayo Kasindi mpakani mwa Uganda. Kifaransa ni cha shule na ofisi. Kilingala kina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa muziki: kimeingia katika nyumba zote kwa njia ya rumba na dansi ya Kinshasa, na hata asiyeweza kuomba maji kwa lugha hiyo anaweza kuimba ubeti mzima. Uso wa pili ni wa jeshi. Tangu enzi ya Wabelgiji, Kilingala kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la koloni, na kikaendelea kutumika jeshini baada ya uhuru. Kwa hiyo msikilizaji wa Beni aghalabu amekutana na lugha hii mahali pawili, kwenye spika ya baa na kwenye kizuizi cha barabarani. Makara Bianko anapopaza sauti kwa ukali, kwa maneno mafupi yanayorudiwarudiwa kama anayeamuru, sikio la Kinshasa husikia kiongozi wa ngoma. Sikio la mashariki husikia kiongozi wa ngoma na kitu kingine tena. Hapana mhakiki wa Ulaya aliyeweza kulisikia hilo, wala si kosa lake. Lakini ni sehemu ya maana ya kazi hii mara inapovuka mipaka ya jiji lililoizaa.

Ikumbukwe pia kwamba elektroniki yenyewe haikufika Kivu ya Kaskazini kwa miguu ya Débruit. Kinanda cha umeme chenye midundo iliyopangwa tayari kimekwisha kuwa ala ya kawaida ya kwaya na ya arusi. Mpigaji hubonyeza kidude kimoja, ngoma ikaanza yenyewe, naye akabaki na kazi ya kufuatana na waimbaji. Wafanyabiashara wa Butembo wanaojulikana kwa kuleta bidhaa kutoka Kampala, Dubai na Uchina walileta vinanda hivyo pamoja na baiskeli na mabati. Hakuna aliyeuita mchanganyiko wa tamaduni. Kwaya inayoimba kwa Kinande juu ya mdundo uliotungwa na mhandisi wa Japani haijidai kuwa daraja kati ya mabara mawili. Inataka tu Jumapili ipendeze. Vivyo hivyo watu wa Lamu na Mombasa walipotwaa bendi ya shaba ya wazungu mwishoni mwa karne ya 19 na kuifanya kuwa ngoma ya beni (ambayo, ijapokuwa majina yanafanana, haina uhusiano na mji wa Beni), hawakuwa wakichanganya kwa ajili ya mtazamaji wa mbali. Walikuwa wakishindana mtaa kwa mtaa. Mchanganyiko ulikuwa silaha ya mashindano na wala haukuwa maudhui ya ngoma.

Hapa ndipo udhaifu wa Fongola, au tuseme wa namna ilivyopokewa, unapoonekana. Katika kuipokea albamu hiyo, habari ya ala ilitangulia habari ya muziki. Kopo lilisifiwa kabla ya mlio wake kusikika. Msomaji wa magazeti ya Ulaya alikwisha kuambiwa kuwa hawa ni watu wanaotengeneza kitu kutokana na takataka, na tangu hapo kila mlio mkavu ukawa ushahidi wa ubunifu wa maskini. Fani ikageuzwa kuwa maudhui. Mtu wa Butembo, ambaye jembe lake, taa yake na tela la baiskeli yake huenda vyote vimewahi kuwa kitu kingine, hapati ajabu hiyo. Yeye atauliza lile swali jepesi ambalo uhakiki umelisahau: je, mlio ni mzuri? Mara nyingi ni mzuri kweli. Nyuzi zilizofungwa juu ya ubao mbaya hutoa besi yenye mkwaruzo ambao hakuna kinanda kingeweza kuuiga, na chupa zilizopangwa kwa ukubwa hutoa nyimbo fupi zenye vituo vya kushtua. Lakini ziko nyimbo ambamo Débruit anaonekana kuogopa kuzigusa ala hizo, kana kwamba ni vitu vya jumba la makumbusho. Mashine husogea pembeni kwa adabu nyingi mno. Adabu hiyo ni umbali wa aina yake.

BUTU imeondokana na adabu hiyo, na ndiyo sababu ni kazi bora zaidi. Inaanza kwa sauti za jiji wakati jua linapozama, na wimbo wa kwanza, Butu Ezo Ya, unatangaza kwamba usiku unakuja. Toka hapo mdundo ni wa kasi, sauti zimekwaruzwa kwa makusudi hadi mtu hawezi tena kusema kipi ni chuma kilichogongwa na kipi ni umeme. Habari ya takataka imetoweka. Makara Bianko haimbi juu ya mashine. Anabishana nayo, anaikatiza, mara anaiacha ikimbie peke yake kisha anaifikia. Katika Mokili na Bazo Banga wawili hawa wanafikia jambo ambalo Fongola iliahidi bila kulitimiza: hakuna aliye mgeni wa mwenzake. Inafaa kuongeza kwamba ushindi huu umekuja na gharama. Zile nyuzi na chupa, pamoja na mikono iliyoziunda, hazisikiki tena kwa namna ya zamani. Sababu zake si kazi ya uhakiki kuzichunguza, lakini matokeo yanasikika: kadiri wawili walivyokaribiana ndivyo wengine walivyofifia.

Sasa usiku huu upelekwe Beni. Tangu Oktoba 2014 raia wa wilaya ya Beni wamekuwa wakiuawa katika mashambulizi ambayo mengi hufanywa magizani, na mengi kwa mapanga na mashoka. Mwezi wa Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya dharura ya kijeshi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na utawala wa raia ukakabidhiwa kwa wanajeshi. Kati ya 2018 na 2020 pale pale palikuwa kitovu cha mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuua watu zaidi ya 2,200. Usiku wa Kinshasa katika BUTU ni kelele: jenereta, baa, mapasta, magari, mtu anayemwita mtu. Kelele ni dalili kuwa watu wapo na wako hai. Usiku wa Beni, katika miaka hiyo, ulikuwa ni kunyamaza. Mwenye busara alizima redio ili asikie kilichoko nje. Jua huzama kwa ghafla ile ile katika miji yote miwili, lakini neno moja la butu halina maana moja. Hii haimaanishi kuwa BUTU ni kazi ya uongo. Inamaanisha kwamba haiwezi kuitwa sauti ya Kongo, kama ilivyoitwa kwa wepesi, bila kuifuta nusu ya nchi.

Jambo hilo huwa zito zaidi pale muziki unapounganishwa na picha. Muziki wa KOKOKO! unasikika katika Système K, filamu ya Renaud Barret kuhusu wasanii wa mitaani wa Kinshasa, iliyoonyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2019. Barret alikwisha kufahamika pamoja na Florent de La Tullaye kwa filamu ya Benda Bilili! ya mwaka 2010. Katika Système K wamo watu wenye vipaji vya hali ya juu: Géraldine Tobe achoraye kwa moshi, na Freddy Tsimba, mchongaji aliyezoea kutumia maganda ya risasi, ambaye hapa anajenga nyumba kwa mapanga yaliyounganishwa. Filamu ina mwendo wa kasi, na muziki ndio unaoisukuma. Mdundo wa chuma unaifanya mitaa ionekane kama ala moja kubwa, na wasanii kama wapigaji wake. Kwa jiji lenyewe, hili linafaa. Kazi ya wasanii hao ni kelele dhidi ya usahaulifu, na kelele imejibiwa kwa kelele.

Lakini nyumba ya mapanga haiwezi kutazamwa Beni kwa macho ya Berlin. Panga ni chombo cha mkulima, na Tsimba mwenyewe anataka mtazamaji akumbuke hivyo. Kila familia ya Kinande inalo, na mashamba ya kahawa na kakao hayalimwi bila hilo. Papo hapo panga ni kile kilichoingia nyumbani usiku. Mtu aliyefiwa hahitaji kuelezwa ishara hiyo, wala hahitaji mdundo wa kumwambia namna ya kuihisi. Angehitaji labda muda. Filamu inayosukumwa na muziki wa kucheza haina muda wa kutoa, na hapo ndipo ushirikiano wa sauti na picha, uliofanikiwa kwa jiji, unashindwa kwa nchi. Kosa si la watunzi peke yao. Katika filamu hali huwa hivyo: mwenye kuamua mahali sauti ianzie, mahali ishukie chini ya maneno na mahali ikatwe ni mwenye mkasi. Mtunzi wa muziki huleta kitambaa, fundi mwingine hukata nguo.

Upo mfano wa Kikongo unaoonyesha njia nyingine. Katika Félicité, filamu ya Alain Gomis ya mwaka 2017 iliyopata Etalon ya dhahabu huko FESPACO, muziki wa Kasai Allstars, wenye likembe za umeme na mkwaruzo wake, unawekwa jirani na orkestra ya kisimfonia ya Wakimbangu ya Kinshasa inayopiga utunzi wa Arvo Pärt wa Estonia. Gomis havichanganyi viwili hivyo. Anavipanga kimoja baada ya kingine, na kati yao anaacha uso wa mwanamke ambaye hana fedha za kumtibu mwanawe. Kila muziki unabaki na mlango wake. Mtazamaji huingia katika mmoja, hutoka, huingia katika mwingine, na katika nafasi iliyo katikati anausikia ukimya. Kwa Beni, ambayo lugha ya usiku wake ni ukimya, filamu hii iliyofanywa mbali kabisa na Kivu inasikika karibu zaidi kuliko Système K. Ni tofauti ya fani, lakini imezaa tofauti ya maadili.

Wala si mara ya kwanza watu wa sehemu hizi kuchukuliwa sauti kwa ajili ya picha za wengine, na waliochukua mara ile nao walikuwa wawili. Mwaka 1935 na 1936 Armand Denis, mzaliwa wa Ubelgiji, na mkewe Mmarekani Leila Roosevelt walizunguka Kongo ya Wabelgiji wakipiga picha za filamu na kurekodi. Filamu yao, Dark Rapture, ilitolewa mwaka 1938, na sauti walizokusanya zikatolewa Marekani katika sahani za santuri. Miongoni mwa sauti hizo zimo pembe na marimba za Wapere, watu wa ukingo wa msitu magharibi mwa Butembo. Vichwa vya rekodi vinataja kabila na ala. Mpigaji hatajwi. Mwaka 1952 alipita Hugh Tracey, akarekodi Wanande na majirani zao. Huyu alikuwa na desturi njema zaidi ya kuandika kwenye kadi zake lugha, aina ya ala na mara nyingi majina ya wapigaji. Kati ya hizo namna mbili za kurekodi pana umbali mkubwa kuliko miaka 16 inayozitenganisha.

Pembe za Wapere zinastahili kusikilizwa kwa makini na kila anayezungumzia mchanganyiko. Katika muziki wa namna hiyo kila pembe ina sauti moja tu. Mpigaji hana wimbo. Ana noti yake na zamu yake, na wimbo upo hewani katikati ya watu wote. Akikosekana mmoja, pengo linasikika mahali pale pale kila mzunguko. Hakuna anayeweza kuubeba muziki huo mfukoni na kwenda kuuza peke yake, mpaka ije mashine ya kuunasa wote kwa pamoja na kuupa jina la mwenye mashine. Ukilinganishwa na utaratibu huo, mpango wa watu wawili, mwenye sauti na mwenye mashine, una kasoro ambayo vipaji vya Makara Bianko na Débruit haviwezi kuifuta: ni rahisi mno kuutia saini. Nyimbo bora za BUTU zinaukaribia utaratibu wa pembe pale sauti na mdundo vinapopeana zamu na kuachiana mapengo. Nyimbo dhaifu ni zile ambamo nafasi yote imejazwa.

Kwa vijana wa Butembo na Beni wanaotunga muziki kwa kompyuta moja na kinanda cha kuazima, swali hili si la nadharia. Filamu zinazofanywa kwao na wageni, na matangazo ya mashirika ya misaada, huhitaji muziki. Na muziki unaoombwa kwa kawaida ni wa namna mbili, ule wa huzuni ya taratibu kwa ajili ya wakimbizi, na ule wa furaha ya ghafla kwa ajili ya watoto wanaochanjwa. Chérie Rivers Ndaliko, katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu muziki na filamu mashariki mwa Kongo, amechambua jinsi fedha za hisani zinavyomwelekeza msanii aseme kile mfadhili alichokwisha kuandika. Yole!Africa ya Goma, iliyoasisiwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, imejaribu kufundisha sauti na picha nje ya utaratibu huo. Goma, hata hivyo, iko mbali na Beni kuliko ramani inavyosema, na barabara kati yao haijawa salama kwa miaka mingi. Mtunzi wa Butembo anayepewa dakika tatu za picha ya usiku hana shule karibu. Ana kwaya, ana kinanda chenye midundo ya Japani, ana redio iliyomjaza Kilingala tangu utotoni, na mahali fulani katika hifadhi za ng'ambo ziko pembe za Wapere, ambazo huenda zilipigwa na watu wa kijiji cha babu yake. Kisheria na kwa gharama, ni rahisi kwake kuupata mdundo wa Kinshasa kuliko kuzipata hizo pembe.

Katika BUTU umo wimbo uitwao Elingi Biso Te, yaani, kwa tafsiri ya juujuu, kitu hicho hakitupendi. Ukichezwa kwa spika mbovu katika kibanda cha kuchaji simu, ukakata kwa kuwa umeme umekwenda, mahali ulipokatika husikika sauti ya Kiswahili ikimwuliza mwenye kibanda simu yangu imefika asilimia ngapi.